Nilitaka Kulifuta Jina la Chola

Nchelenge, Jumamosi, Novemba 1999

Joto tangu asubuhi. Mawingu yamejaa upande wa Kongo na hayanyeshi. Wanawake wa ufukweni wameanika chisense, vile visamaki vyao vidogo, na kila dakika wanaangalia juu. Mimi nimeamka na wivu, nimekunywa chai na wivu huo, na huu ninaoandika hapa ni huohuo.

Kama kuna mgeni anayesoma ukurasa huu, basi anifahamu. Mimi ni mwanamke wa Pweto, Kongo, ng'ambo ya ziwa. Kompyuta nilijifunza Lubumbashi, vita vikanivusha, na parokia ya hapa ikanipa chumba chenye mashine moja. Mwaka mzima nimekuwa nikiandika programu ya kusajili abiria wa boti za kisiwa cha Chisenga. Boti ikizama kwetu, watu hubaki ufukweni wakiulizana nani alikuwa amepanda. Nilitaka pawe na orodha.

Chola ni mwanafunzi wangu. Ana miaka ishirini na minne, ametoka Kabuta, kwenye ukoo wa washona nyavu. Nilimfundisha mwenyewe, tangu namna ya kuwasha mashine. Mwezi wa sita akaandika sehemu moja ya programu: inalinganisha orodha ya waliopanda na ya walioshuka, halafu inataja ambaye hajafika.

Ni sehemu bora kuliko zangu zote. Haya, nimeshasema.

Wiki mbili zilizopita, mhandisi mmoja wa Ubelgiji aliyepewa nakala yetu na padri aliniandikia barua-pepe. Mistari minne tu. Usajili, kazi yangu ya mwaka mzima, hakuugusia hata kwa neno moja. Aliuliza nani ameandika ile sehemu ya kulinganisha, maana angependa kufanya naye kazi. Sikumjibu. Chola naye sikumwonyesha. Nimekuwa nikijiambia kwamba nimesahau.

Leo ni zamu yangu ya laini ya simu, saa nane hadi saa kumi, na nilikuwa nimepanga kuiweka programu kwenye intaneti ili yeyote aichukue. Nilikuwa na mahali pawili pa kuiweka. Pa kwanza ni hapa penye kurasa za bure, kama ukurasa huu ninaouandika: nafasi finyu, na matangazo yao yanarukia juu ya kila kitu. Pa pili ni huduma mpya inayopokea programu tu. Inatunza kila badiliko, ina orodha ya barua-pepe ya wanaosaidiana, na haidai kitu ila leseni ya wazi, yaani ruhusa ya watu wote kuitumia, na faili yenye majina ya waandishi wote.

Waandishi wote. Hapo ndipo matangazo yalipoanza kunipendeza.

Hata leseni nilitaka kuichagua kwa wivu. Kuna ile fupi: chukua, fanya utakalo, ila jina la mwandishi usilitoe. Kuna ile ndefu: chukua, badilisha, lakini ukigawia wengine, mabadiliko yako nayo yawe wazi. Mimi nikatunga ya kwangu kichwani: tumia, usiguse. Nikajidanganya kwamba nawalinda abiria. Nilikuwa nazuia asije akatokea Chola mwingine.

Saa saba nikafunga mlango, nikafungua faili zake ili nilifute jina lake kabla laini haijawa yangu. Nikatafuta juu, nikatafuta chini, halikuwepo. Juu ya ile sehemu ya kulinganisha, yeye mwenyewe alikuwa ameandika jina langu.

Chola alipoleta karatasi za boti, zenye majina ya abiria, nikamuuliza kwa nini.

"Ba mama, kwetu mutu anayejifunza hafungi uzi yake," akasema.

Akanieleza. Kwao kila mshonaji hufunga uzi wa rangi yake kwenye pembe ya wavu. Anayefundishwa anaweza kushona nyavu ishirini, na zote zitatoka na uzi wa mwalimu, mpaka siku mwalimu atakapomfungia uzi wake mbele za watu. Kuanzia siku hiyo anaweza kuondoka akashone popote.

"Na mwalimu akikataa?"

"Basi unangojea. Miye niko nangojea tu, ba mama."

Alisema hivyo bila kulalamika, huku akipanga karatasi zake. Nikaona kwamba ningeweza kumngojesha miaka, na hakuna mtu Nchelenge wala Kabuta ambaye angenilaumu. Nilikaa na wazo hilo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Saa nane ilipofika nikafungua ile huduma mpya. Nikachagua leseni ndefu, kwa sababu mtu wa ziwa lingine akiirekebisha programu yetu, nataka marekebisho yake yaturudie. Kwenye faili ya waandishi nikaandika jina langu, kisha la Chola. La pili, ndiyo. Kuliweka la kwanza nilishindwa.

Nikamwita. Nikawaita na wanawake wawili waliokuwa wakingoja nje kuandikishwa safari ya boti, ili wawepo watu. Nikamwonyesha jina lake, nikawaambia wale mama kwamba kijana huyu ndiye aliyeandika sehemu inayotafuta ambao hawajafika. Mmoja wao akapiga vigelegele kidogo. Chola akacheka, akajifunika uso.

Kisha nikafungua barua ya Mbelgiji.

Aliisoma mara mbili. Kicheko kikaisha. Akaweka kidole kwenye kioo, juu kabisa, penye tarehe.

"Ilifika lini hii?"

Nikamwambia: wiki mbili. Sikuongeza sababu, na yeye hakuiuliza. Alisema "asante, ba mama" kwa sauti ile ile ya siku zote, akatoka, akaelekea ufukweni. Karatasi za boti ameziacha mezani.

Nimemjibu Mbelgiji kwamba aliyeandika ni Chola. Programu iko wazi. Wivu bado ninao, sitasema umekwisha ili nionekane mtu mwema. Chola sasa ana ruhusa ya kwenda popote, na nimempa mwenyewe. Lakini akiondoka, atakuwa ameondoka kwa sababu ya jina nililompa, au kwa sababu ya zile wiki mbili?