Maji ya Kunywa ya Bi Taa

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni, chumba cha upelelezi, mbele ya afande wa zamu

Shahidi: fundi wa maabara, mwanamke, kazini huitwa Mama Miwani
Umri: miaka 46
Kazi: kuendesha mashine za vipimo, maabara ya maji
Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya matangi ya maji
Uhusiano na mlalamikaji: alikuwa mkubwa wangu kazini, si ndugu wa damu

Nimeonywa kwamba ni lazima niseme kweli. Nimejibu kwamba kazi yangu ya miaka yote ni hiyohiyo, ila huwa naisema kwa mchoro. Afande ameniomba niende moja kwa moja kwenye jambo. Haya, naenda.

Mnamo tarehe 14 ya mwezi huu, saa tatu asubuhi, nikiwa maabara, waliingia watu watatu. Wa kwanza alikuwa afande huyu anayeandika, ameshika chupa ya maji iliyofungwa kwa muhuri. Wa pili alikuwa mama ambaye sote pale tunamwita Bi Taa. Ameshastaafu, na yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Jina hilo tulimpa kwa sababu kila asubuhi, kabla hata ya salamu, alikuwa akiuliza, "Taa ya mashine mmeshaiwasha?" Wa tatu alikuwa mumewe, fundi cherehani, mzee mpole asiyeweza kuua hata sisimizi. Shati lake lilikuwa limekunjamana. Nikajua papo hapo kuna jambo, maana mzee yule hata akienda kutupa takataka hupiga nguo pasi kwanza.

Nilimwamkia Bi Taa, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Nipimie maji yangu. Huyu bwana ananitilia kwinini." Alimnyooshea mumewe kidole. Mzee alikuwa anatazama viatu vyake.

Afande alinivuta pembeni, akanieleza. Jana yake Bi Taa alikuja kituoni peke yake, kwa miguu, chupa iko kwenye mkoba. Akashtaki kwamba maji anayopewa na mumewe ni machungu kama shubiri, na kwamba anauawa polepole. Mzee akashikwa, akalala kituoni. Afande akasema kikionekana kitu kwenye yale maji, mzee atafikishwa mahakamani, na mama atachukuliwa na mdogo wake wa kike ambaye tayari ameshamfungia begi. Mzee alikuwa amejitetea kwa jambo moja tu: mke wake ana maradhi ya kusahau, na daktari aliwaambia kwamba maradhi hayo yanaweza kuvuruga hata ladha ya mdomoni. Ilikuwa siku ya tatu Bi Taa hagusi maji yanayotoka mkononi mwa mumewe. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Hilo nililiona mwenyewe, na liliniuma.

Nieleze kipimo, maana afande anasema mahakama nayo ingeuliza. Mashine yetu inapima mng'ao. Unayapiga maji kwa mwanga wa aina moja usioonekana kwa macho, halafu unatazama kutoka ubavuni kama kuna mwanga mwingine unaotoka humo. Kwinini, ile dawa chungu ya malaria, ukiipiga kwa mwanga wa nanomita 350, hicho ndicho kipimo chetu cha mwanga, inang'aa buluu, na kwenye mchoro unapata kilima kipana karibu na 450. Haina siri. Hata chembe moja kwenye ndoo nzima inajitangaza.

Taa ya mashine tuliiacha nusu saa itulie. Muda wote huo Bi Taa hakukaa. Alizunguka chumba akigusa hiki na kile, akakuta koti jeupe msumarini, akalivaa. Lilikuwa langu. Sikumwambia kitu.

Nilikata muhuri mbele ya afande. Nikamimina maji kwenye kijichupa cha kioo chenye pande nne, nikadondoshea asidi kidogo, kwa sababu kwinini ikiwemo hung'aa vizuri kwenye asidi. Nilipotaka kukiingiza kwenye mashine, Bi Taa alinichapa kofi dogo mkononi. "Unakishika ubavuni? Utapima alama za vidole vyako!" Nilikuwa nimekishika juu, kwenye pembe, kama inavyotakiwa, lakini nilisema, "Samahani, mama." Alikichukua, akakifuta pande zote nne kwa karatasi laini, akakiinua dirishani akakikagua, akakiingiza mwenyewe na kufunga kifuniko. Afande alitaka kumzuia, nikamwashiria amwache. Mikono ile ilikuwa haijasahau chochote.

Nikaweka mwanga wa kupigia kwenye 350, nikaiagiza mashine isome kuanzia 365 hadi 600. Mstari ukaanza kujichora kwenye kompyuta. Ulitambaa chini, halafu karibu na 397 ukapanda kilima kidogo, chembamba, ukashuka. Kutoka hapo hadi mwisho ulikuwa tambarare.

Bi Taa alipiga meza. "Si hiyo! Mmeiona? Kwinini!" Kisha akamgeukia mumewe. "Nimekukosea nini mimi?"

Mzee alifunika uso kwa mikono yote miwili. Afande akasimama.

Mimi nilikijua kile kilima. Maji yenyewe, maji matupu, yana kilima chake. Ukiyapiga kwa mwanga, kiasi kidogo yanaurudisha yenyewe kwa namna yake, na kila mgeni kwenye mashine hii hudhani amepata kitu. Kosa hilo tulilifanya sote tulipoanza kazi, na aliyekuwa akitucheka mpaka machozi ni Bi Taa. Ningeweza kumwambia, "Mama, hayo ni maji tu." Lakini mtu aliyefika mahali pa kumshuku mume aliyeishi naye miaka arobaini, mimi angeniamini kwa lipi? Niliona heri ajionee.

Nikamwambia, "Mama, mimi sina uhakika. Nifanyeje?"

Alikaa kwenye kiti changu. Aliufuatisha mstari kwa kidole, akarudia tena na tena, mpaka nikaogopa kwamba nimemwaibisha mbele za watu. Kisha akasema taratibu, "Sogeza mwanga. Weka 340." Niliweka. Mstari ukajichora upya, kilima kikatokea, lakini si palepale. Kilikuwa kwenye 384.

"Kimehama," alisema.

"Kimehama, mama."

"Kwinini haihami. Ipige kwa 350, ipige kwa 340, yenyewe iko palepale." Akakunja uso. "Maji safi umeshayapima?"

Nikasema bado. Huo ulikuwa uongo, na naomba uandikwe kuwa ni uongo. Maji safi huwa tunayapima kila asubuhi, na siku hiyo nilishayapima.

"Unapima maji ya watu kabla hujapima maji safi! Nani kakufundisha kazi?"

"Wewe, mama."

"Basi nilikufundisha vibaya," akasema, na hapo akacheka.

Tulipima maji safi pamoja, tukaweka mistari miwili juu kwa juu. Ililaliana. Kisha, kwa ajili ya afande, nilitengeneza maji yenye kwinini kidogo, na kilima kikasimama kwenye 450, hata asiyejua kusoma angekiona. Maji ya Bi Taa hapo hayakuwa na kitu. Kwa hiyo nasema kama fundi: siwezi kuapa kuhusu dawa zote za dunia, lakini kwinini aliyoilalamikia haikuwemo kwenye chupa ile.

Bi Taa aliusogelea mchoro. Akasema, "Basi uchungu uko mdomoni mwangu." Halafu akamgeukia mzee. "Mume wangu, kumbe ninaumwa?"

Mzee alisogea karibu. "Kidogo tu. Uzee huu, nani haumwi?"

"Na jana ulilala wapi? Nilikutafuta nyumba nzima."

"Nilikuwa na sare za watu, nikachelewa kuzimaliza."

Afande alitazama dirishani. Bi Taa akamwekea mumewe sawa kola ya shati. "Fundi mzima unatembea hivi? Watu watasema huna mke."

Nilikwenda kuosha vijichupa. Vilikuwa vitatu tu, lakini nilivichelewesha, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka afande anione.

Niliporudi, mzee alikuwa ametoa chupa ndogo ya maji aliyoijaza kituoni asubuhi, anampa mkewe. Bi Taa aliisukuma. "Humu ndani hatunywi." Ni kweli, hiyo ni sheria ya maabara, na yeye ndiye aliyeibandika mlangoni. Lakini hakuna kati yetu aliyejua kama anakataa kwa sababu ya sheria au kwa sababu hofu imemrudia. Mzee alifunga kifuniko, akaikumbatia ile chupa.

Kabla ya kutoka, Bi Taa aliomba mchoro uchapishwe na apewe kalamu. Chini ya mistari aliandika: "Haya ni maji tu. Nimepima mwenyewe. Mume wangu hana kosa." Akatia sahihi. Akasema, "Kesho sitakumbuka. Ila mwandiko wangu naujua." Afande akasema karatasi ile ni kielelezo, inabaki kwenye jalada, akaichukua.

Najua kielelezo ni kielelezo. Lakini naomba karatasi ile isilale kabatini. Ina kazi nyumbani kwao. Na ikipotea, au siku ikifika asiutambue hata huo mwandiko wake, mleteni. Nitapima tena, na nitasema tena kwamba sina uhakika.

Nilichokiona na nilichokifanya kwa mikono yangu ni hicho. Nimesomewa, nimesahihisha tarakimu moja, nimeridhika.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maandishi ya afande: Nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotamkwa. Mlalamikaji ameondoa malalamiko na mume ameachiwa. Mchoro umetolewa nakala kwa ajili ya jalada. Karatasi yenyewe amekabidhiwa mlalamikaji. Wakiondoka, walipofika kwenye ngazi za kituo, mlalamikaji aliomba maji. Mume alimpa chupa. Alionja, akasema, "Machungu." Akayanywa yote.