Mama Uwanjani, Uliyekataa Kuingia Ndani

Mwaka umezunguka, Mama, tangu ulipotutoka, na mtaa mzima bado unakuita Mama Uwanjani.

Majirani walipojenga kuta ndefu kwa kuogopa wezi, wewe ulikataa katakata. Cherehani yako ilibaki mbele ya nyumba, ukishona sare za shule na kumsalimia kila apitaye. Baba alilalamika kwamba uwanja wetu umekuwa kituo cha basi. Ulicheka tu, ukaongeza kiti.

Hatusahau mchana ule wa kelele za "Mwizi! Mwizi!" Mwanamume mmoja aliingia uwanjani mbio, shati limechanika, damu inamtiririka usoni. Nyuma yake kundi la watu wenye mawe, na mbele yao jirani yetu mwenye duka, nondo mkononi. Jirani alikuwa amemkuta mtu huyo akiruka ukuta wa nyumba ya karibu.

Baba alikuita kutoka dirishani: "Mke wangu, ingia ndani! Watakuua!"

Hukuingia. Ulimkalisha yule mtu kwenye kiti chako, ukasimama mbele yake.

"Mama, tupishe," jirani akafoka. "Huyu mwizi!"

"Huyu fundi bomba. Amepanga nyumba ya pili kutoka kwako, huu mwezi wa tatu. Kila asubuhi ananisalimia. Wewe hujawahi kumwona?"

Jiwe lilipita karibu na sikio lako, likagonga mlango. Hukusogea.

"Nimepoteza ufunguo, wazee wangu," fundi akasema kwa shida. "Nilikuwa naingia kwangu."

"Mwiteni mwenye nyumba," ukawaambia. "Akisema hamjui, nitawapisha."

Sisi wanao tulishikana mikono nyuma ya mlango. Mwenye nyumba akaja mbio, mikono imejaa povu la sabuni. "Jamani! Huyo si mpangaji wangu?"

Nondo ikaanguka. Ndipo ulipokaa chini pale pale vumbini, ukaagiza maji, fundi anywe kwanza.

Ulipougua, jirani yule na fundi bomba ndio waliokubeba hadi kwenye gari.

Siku hizi Baba anakaa nje, yeye aliyekuwa hamjui hata wa nyumba ya pili. Jana alimwita mpangaji mpya aliyekuwa akipita, akamuuliza jina.

Tunaokukumbuka: mumeo, wanao watatu, mkweo, dada yako na wajukuu zako.

Hutatutoka moyoni, Mama, maisha yetu yote.