Mikrogramu Tano

Oteng, nusura niue mtoto leo.

Kichanga cha siku tisa, dawa ya moyo, mikrogramu tano kwa dakika. Mashine ya dripu nikaiwekea miligramu tano. Mikro ni punje tu, mili ni mara elfu yake. Elfu, Oteng.

Unajua wodini kwetu huwashi mashine kabla mwenzako hajasoma namba kwenye kioo chake kwa sauti. Muuguzi mwenzangu, Mma Gaolathe, akaja kusoma, nikamkatiza: "Mma, mimi si mwanafunzi."

"Basi nisomee wewe, rra, bwana bingwa wa mashairi," akanitania, maana huwa naghani mashairi wodini.

Nikasoma kwa majivuno. Nilipofika "mili", nikauvuta mkono kutoka kwenye kitufe.

Hakunigombeza. Alirekebisha, akawasha, akaenda zake.

Mama wa mtoto, aliyekaa pembeni, hakuelewa kitu. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Mimi, Oteng. Nami nikaitikia, "Karibu, mama."