Santuri ya Mjomba Egbert

Waterhouse, Kingston
12 Novemba

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa binti yako. Natumaini goti limepungua maumivu na mvua haikuharibu nyanya. Mimi ni mzima, nasoma, nakula, na kanisani naenda, ingawa si kila Jumapili.

Uliniuliza habari za mdogo wako. Mjomba Egbert bado ana studio yake uani, na mwaka huu alitegemea mdundo mmoja tu. Unaijua kazi yake: ngoma ni ile ile, waimbaji kumi wanapokezana juu yake, kila mmoja na maneno yake, kisha wote wanakaa kwenye santuri moja. Midundo yake miwili iliyotangulia ilikufa bila mtu kutikisa hata bega. Huu nao ukifa, alisema, anafunga studio na kuja kwako kufuga mbuzi.

Shida ilikuwa waimbaji wakubwa wawili, wanaojiita Jenerali Sorrel na Malkia Pimento, waliogombea wimbo wa kwanza kwenye santuri. Mwimbaji wa kweli hapa hutoa maneno kichwani. Akionekana na karatasi, amekwisha. Basi Jenerali alinifuata jikoni nikikaanga ndizi, akaninong'oneza, “Msomi, nitungie maneno ya kumzika yule mwanamke. Mjomba wako asijue.” Kesho yake Malkia alinikuta nikianika nguo: “Binti, nataka yule mzee alie. Na ukimwambia mtu, nitakunyoa kipara.”

Mimi ambaye darasani sauti hainitoki, niliwatungia wote wawili. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Siku ya kusikiliza nyimbo zilizorekodiwa, Jenerali alisikia habari za nywele zake za bandia, na Malkia akasikia jinsi anavyopanda mezani akiona mjusi. Wote walimrukia Mjomba, wakidhani ndiye aliyetoa siri zao. “Egbert, umeniuza!” Wakaapa kuondoa nyimbo zao mpaka msaliti ajulikane. Mjomba alikaa juu ya spika, akaanza kuuliza mbuzi wanakula nini.

Sikuweza kumtazama. Nikasimama nikasema ni mimi.

Malkia akaangua kicheko: “Huyu? Huyu anayeomba ruhusa ya kupiga chafya?” Jenerali alicheka mpaka nywele zikahama. Walikubali nyimbo zibaki, ila nipewe adhabu. Mwisho wa santuri huachwa ngoma tupu, bila sauti. Mara hii niijaze mimi, pale pale, bila karatasi.

Mama, hapa ndipo ninapotetemeka. Mbele ya maikrofoni, yote niliyosoma yalinikimbia. Aliyebaki kinywani mwangu ni wewe, sokoni, ukimfokea mteja: “Usiibonyeze nyanya yangu kama huna nia ya kuioa!” Nilirudia hayo, nikaongeza mengine yako, na jina lako nikalitaja lote: Bi Clarice Ebanks wa Junction. Santuri imetoka. Redio haitaki kupiga wimbo mwingine, Mjomba hataji tena mbuzi, na Jenerali na Malkia sasa wanagombana ni nani aliyenigundua.

Watu wa hapa wakiupenda wimbo, hupiga mabati ya uzio kwa viganja ili uanzwe upya. Kwa hiyo Jumamosi sokoni, waliosikia jina lako redioni wakianza kupiga bati la kibanda chako, nakuomba usishike panga. Wanataka useme tena.

Msalimie Baba na Shangazi Hyacinth. Mchungaji mwambie wewe, kwa upole, kabla hajasikia mwenyewe.

Akupendaye, na anayeliogopa jibu lako,
Ionie