Lenzi Uliyonipa

Kibaoni, Ifakara

Kaka Hermenegildi,

Shikamoo, kwa ajili ya umri tu. Mama hajambo, mpunga umeiva. Kamera yangu bado mbovu: nikiweka lenzi mpya, tundu la mwanga halifunguki, picha inatoka nyeusi tii. Ndiyo maana kwenye harusi ya Aneth nilitumia ile ya zamani uliyonipa, ambayo tundu lake nalifungua mwenyewe kwa mkono.

Nilikuwa nampiga picha bibi harusi ulipomkata jirani yetu Nassib panga shingoni, eti kisa mpaka wa shamba. Damu iliruka mpaka kwenye shela. Halafu unawaambia watu siku hiyo ulikuwa Mngeta? Mshenzi wewe! Lenzi yako imekutoa vizuri, hadi jasho la usoni.

Leo Siwema, mjane wa Nassib, ameipeleka picha polisi. Aliyempa ni mimi,

mdogo wako,
Levina