Maelezo Kuhusu Komeo la Mlango wa Chini

SHAHIDI: Mama Pacha, kama anavyofahamika na majirani
UMRI: Miaka 59
KAZI: Mkunga mstaafu
MAKAZI: Ghorofa ya pili, jengo la kupanga nyuma ya soko. Mgeni nchini kwa kibali cha miezi sita
KINACHOCHUNGUZWA: Wizi wa cherehani

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Nasema niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, na afisa anayaandika mbele yangu.

Mimi na mume wangu, fundi seremala mstaafu, tuliingia nchi hii mwezi wa kumi. Pacha wetu, ambao ndio vitinda mimba, waliondoka nyumbani siku moja, wa kiume kwenda chuoni na wa kike kwa mumewe. Nyumba ikawa kimya mpaka nikawa nasikia friji inavyonguruma. Nikamwambia mume wangu twende tukajaribu kuishi ugenini, tukipapenda tubaki. Ndugu zetu walitucheka, eti tunajitia maharusi uzeeni. Yeye hakutaka kuja. Alikuja kwa ajili yangu, na hilo naomba liandikwe.

Mimi nimepapenda hapa. Nina wenzangu ninaotembea nao asubuhi, nimeanza kujifunza kuogelea, na kwa mara ya kwanza tangu niwe mama napika cha watu wawili bila kubakiza. Kibali chetu kinaisha mwezi ujao na tumeshaomba kuongezewa. Najua mtu mwenye kesi haongezewi.

Jengo letu lina mlango mmoja wa kutokea barabarani. Saa nne usiku msimamizi wa jengo, tunayemwita Bwana Funguo, huutia komeo kwa ndani, kisha huenda kulala kwenye chumba chake chini ya ngazi. Anayechelewa hupiga kengele.

Sasa nieleze desturi ya nyumbani kwetu. Kwa miaka yote tuliyolea watoto sita, mume wangu hakutia komeo mpaka mtoto wa mwisho awe ndani. Aliyechelewa aliukuta mlango wazi, akaingia, akafunga mwenyewe. Baba yake akisikia komeo ndipo anageuka upande wa pili na kulala.

Wiki yetu ya pili hapa nilimkuta ngazini na kandambili zake, anashuka. Nikamuuliza, "Baba Pacha, wapi tena saa hizi?"

Akasema, "Naenda kuondoa komeo."

"Unamwondolea nani?"

Akacheka. "Mazoea tu, mke wangu. Turudi tukalale." Nami nilicheka. Leo sicheki.

Mnamo tarehe 8 mwezi wa tatu, mchana, binti yetu alipiga simu. Alilia, akasema amepakumbuka nyumbani. Baba yake hakula vizuri siku hiyo. Usiku, Bwana Funguo alipokwisha kufunga, nilisikia kandambili za mume wangu zikishuka, kisha komeo likavutwa. Komeo lile linakwaruza, halina siri. Alipanda, akalala chali. Nilidhani atashuka tena kulirudisha, usingizi ukanipitia.

Asubuhi mjane anayeshona nguo pale ukumbini, karibu na mlango, alipiga yowe. Cherehani haipo, na vitambaa vya wateja wake havipo. Askari walikuta mlango haujavunjwa. Wakasema aliyefungua ni mtu wa ndani, wakamchukua Bwana Funguo. Alipopita mbele yetu alimwambia mume wangu, "Fundi, wewe unanijua. Niliufunga." Mume wangu alilitazama komeo.

Tukarudi chumbani, tukakaa mpaka chai ikapoa. Ndipo akasema, "Mama Pacha, wakishaniandika mimi, kibali chako kimekwenda."

Nikamwambia, "Vaa viatu."

Bwana Funguo hakumfungulia mwizi. Mume wangu alimfungulia, na hakujua kama ni mwizi. Afisa ameniuliza ni nani alikuwa hajaingia usiku ule. Nimejibu hakuna, watoto wetu wote wameshatoka nyumbani. Inaniuma kusema haya, maana nilitaka sana kubaki, lakini siwezi kuogelea huku mtu amewekwa ndani kwa ajili ya komeo letu. Mjane tutamnunulia cherehani nyingine kabla hatujaondoka.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimesomewa, ni maneno yangu.

(Saini) Mama Pacha

MAONI YA AFISA: Nimeyaandika na kumsomea shahidi, ameyakubali. Msimamizi wa jengo ameachiwa. Mume wa shahidi, aliyekuwa kwenye benchi la nje, ameitwa ndani kutoa maelezo yake. Kabla ya kuketi alishika mlango, akatazama nje, akauliza kama kuna mtu bado hajaingia. Nilimjibu hakuna. Ndipo akafunga.