Kompyuta Isiyolala Sebuleni kwa Mama

Edmonton, Kanada
Jumapili, baada ya Misa

Kwa mdogo wangu Paskazia,

Mpaka barua hii ikufikie hapo Ngenge itakuwa imepanda ndege tatu, basi na bodaboda, kwa hiyo uipokee vizuri, imechoka kuliko aliyeiandika. Mama anaamkaje siku hizi? Shemeji mgongo umemwachia? Na ile migomba ya upande wa bondeni, mnyauko umesimama au bado mnakata na kufukia? Mimi ni mzima, ila magoti yanalalamika kila nikipanda ngazi, na nywele zilizobaki kichwani naweza kuzipa majina. Ukiniona sasa utaniamkia kwa heshima, jambo ambalo hukuwahi kulifanya tangu uzaliwe.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu, mimi niliyezoea kutokea sebuleni kwenu kila asubuhi kwenye kioo cha kompyuta, kama mgeni asiyejua kupiga hodi. Ndiyo habari yenyewe niliyonayo. Soma kwanza ukiwa peke yako, halafu umsomee mama sehemu utakazoona zinamfaa.

Tangu ile asubuhi ya friji sijakaa sawa. Mama alikuwa kwenye kiti chake mbele ya kompyuta, paka amejikunja juu ya boksi la kompyuta kama kawaida yake, na wewe kule nyuma ukafungua friji. Nikaona ndani kuna vitenge vimekunjwa na kitabu cha nyimbo. Nami kwa ujinga wangu nikacheka.

“Paskazia, joto limezidi mpaka nguo mnazigandisha?”

Hukucheka. Ulifunga mlango polepole.

“Kaka, hilo siku hizi ni kabati.”

“Na insulini ya mama?”

“Iko kwenye chungu.”

“Chungu gani tena?”

“Deo,” mama akadakia, “theluji yenu imeisha?”

Nikajibu habari za theluji. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, naulizwa theluji nami nasimulia theluji. Mpaka kesho yake ulipotoka na simu ukasimama kwenye mibuni, mama asisikie, ndipo ukanieleza. Kwamba kila alfajiri inveta ilikuwa inalia, betri za sola zimekaribia kuisha, na lazima kimoja kichomolewe, friji au kompyuta. Kwamba mama ndiye aliyeamua.

“Alisema nichomoe friji,” ulisema. “Alisema, ‘Deo akija akute mlango umefungwa, atafikiri nini?’”

“Nawe ukachomoa?”

“Ningefanyaje, kaka? Friji linanguruma usiku kucha, kila mtu anasikia linavyokula. Kompyuta imenyamaza tu, kioo cheusi. Nani angejua?”

Halafu yakaja mengine. Dawa iliyoshinda kwenye chungu cha mchanga na maji msimu ule wa jua kali. Muuguzi aliyeshangaa sukari ya mama haishuki ilhali sindano anachoma. Wiki mbili hospitalini Muleba, ambazo mimi niliambiwa mama yuko Kahororo kwa shangazi anapumzika, nikamtumia salamu shangazi. Na macho. Paskazia, kwa miezi mingi nilikuwa namtania, “Mama, mimi niko huku, huyo wa pembeni unayemtazama ni nani?” Naye anacheka, anasema, “Nakuona, omwana wange, mwanangu.” Kumbe alikuwa anaifuata sauti.

Sasa nikukirie jambo. Huko nyumbani inasemwa Deo ni mhandisi wa kompyuta Kanada. Sijawahi kukanusha, nadhani hata niliwahi kukohoa kidogo kwa namna ya kukubali. Ukweli ni kwamba mimi ni mtunza jengo. Wafanyakazi wakishatoka jioni, napita meza hadi meza, ghorofa nne, nikitazama kompyuta zilizoachwa zinawaka bila mtu. Nazilaza, na kabla ya kuondoka nazima swichi ya kila safu ya meza, ili spika na printa nazo ziache kunyonya. Nina kifaa kidogo kinachokaa kati ya plagi na soketi, kinaonyesha kila mashine inakula umeme kiasi gani. Mkuu wangu alinisifu mbele ya watu kwa umeme tuliookoa. Nilipewa keki. Nilikutumia picha ya ile keki, mama alipenda rangi yake. Wakati huo alikuwa bado anaona rangi.

Mashine niliyowaletea nilipokuja likizo ilitoka kwenye jengo hilohilo. Walikuwa wanaitupa, nikaiomba, nikaibeba kwa vipande ndani ya mablanketi. Ningeweza kutafuta kompyuta ndogo ya kupakata, inayotumia umeme kidogo kabisa. Lakini nilitaka kitu kikubwa, kikikaa mezani majirani wakione tangu mlangoni. Na usiku wa mwisho kabla ya kuondoka niliketi hapo sebuleni, nikaingia kwenye mipangilio, mahali panapouliza mashine ikae muda gani kabla ya kulala. Nikachagua: isilale kabisa. Kisha nikaifundisha ipokee simu yangu yenyewe, bila kuguswa. Nikakwambia, “Usiizime, kioo kitajizima chenyewe.” Nilitaka nikitoka kazini, kwenu kukiwa kumekucha, niingie tu nimwone mama. Sikutaka kusubiri hata dakika mbili za kuiwasha. Kazini nazilaza mashine za watu nisiowajua hata majina, na ya mama yangu nimeinyima usingizi kwa mkono wangu.

Baada ya wewe kunieleza, nilikwenda kwa pacha wa mashine hiyo, maana moja ya aina ileile imebaki stoo. Nikaiwasha, nikaiacha kama ya kwenu, kioo cheusi, haina kazi yoyote. Nikasoma kile kifaa. Mdogo wangu, ilikuwa inakula kuliko taa zote za nyumba yetu zikijumlishwa, na friji juu yake. Nilipoilaza, ikabaki na tone dogo, kama la kuchaji simu. Nikakaa chini, juu ya boksi la karatasi. Halafu nikamkumbuka paka. Mwaka mzima nimemwona analala palepale kila nikipiga, nikidhani anapenda sauti yangu. Paka alijua joto linatoka wapi, na mhandisi wa Kanada hakujua.

Barua hii inaletwa na Evodius wa Buhembe, rafiki yangu wa huku, anakuja kuzika babu yake. Ndani ya mfuko wake kuna ekstensheni yenye swichi nyekundu. Kompyuta, spika na printa vyote vichomeke hapo. Mchana jua likiwepo, wachapie watu barua zao na mialiko ya harusi kama unavyofanya. Mipangilio nitakuelekeza kwa simu, tuibadilishe ilale ukiiacha muda mfupi, hata ukienda kugeuza ndizi tu. Jua likianza kushuka, izime kabisa, kisha bonyeza ile nyekundu mpaka taa yake ife. Fundi mmoja wa Bukoba ataleta betri mpya wiki hii. Vitenge vitoke, friji lioshwe, dawa irudi mahali pake. Lakini ukiiacha ile mashine iendelee kukesha, betri hizi nazo zitakufa kama za kwanza, na safari hii sijui mama atatoa nini. Macho alishatoa.

Najua atakataa. Uliniambia kila asubuhi anaweka kiganja juu ya boksi, akisikia joto anasema, “Yuko njiani.” Ndipo anaomba kanga yake nzuri. Paskazia, lile joto ndilo umeme wenyewe unaopotea. Umeme wa kupoza dawa yake ulikuwa unatokea hapo, kidogo kidogo, mpaka kiganjani. Sijui utamwambiaje. Mimi nimejaribu kuandika maneno ya kumwambia, nimechana karatasi mbili. Labda mwambie nitapiga simu yako ya kawaida kila asubuhi saa mbili, na wewe umshikie sikioni. Sauti ni ileile. Kwa kuwa haoni, yeye hapotezi kitu. Atakayekosa kuona ni mimi, na hilo nimelistahili kabisa.

Kuja siwezi kabla karatasi zangu mpya za ukaazi hazijakamilika, na karatasi za huku zina mwendo wa kinyonga aliyelewa orubisi. Nisikudanganye.

Nisalimie shemeji, mwambie asibebe mikungu na mgongo ule. Watoto wako wasalimie mmoja mmoja, yule mdogo mwambie baiskeli sijaisahau. Msalimie shangazi wa Kahororo, na umwombe radhi kwa zile salamu nilizomtumia bure. Katekista aniombee. Mama mbusu kwenye paji la uso, useme ni mimi.

Na siku utakayoizima, usinipigie kuniambia. Nitakapopiga asubuhi nitakuuliza tu paka kalala wapi. Ukinijibu kwamba amehamia jikoni kwenye majivu, nitajua imepoa, na kwamba mama ameshaweka kiganja akaikuta hivyo.

Ni mimi kaka yako, mtunza jengo,
Deogratias